Fulana za Kazadi

Sikuota, na sikuwa nimelewa, pombe situmii. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mwezi wa sita, na kipimajoto cha kibanda chetu cha kuvalia kilionyesha nyuzi saba.

Mimi ni mzamiaji. Nilikuwa nashuka kwenye bwawa moja la umeme la mto Lualaba, kusafisha vyuma vinavyozuia takataka zisiingie kwenye mitambo. Kule chini unakaa saa nzima karibu bila kujongea, na maji ya msimu wa baridi yanakunyonya joto. Tunavaa kombinezoni ya mpira isiyoingiza maji, lakini mpira haukupi joto. Joto linatunzwa na nguo ya ndani. Hapo ndipo watu wanakosea. Nililowesha kitambaa cha pamba na cha sufu, nikazungushia chupa mbili za maji ya moto, nikapima. Ya pamba ilipoa haraka zaidi. Jasho lako pamba hulishika, likakugandisha. Sufu hukutunza hata ikilowa. Nilimwandikia shefu, mkuu wetu wa kazi. Akacheka.

“Dokta, unasoma bitabu sana. Tuko Congo hapa, si Ulaya. Baridi gani?”

Akanunua fulana za pamba. Mwenzangu Kazadi alishuka nazo na hakupanda akiwa hai. Vidole vilikufa ganzi hata akashindwa kufungua mkanda wa vyuma vizito kiunoni ili aelee juu. Ripoti ikasema ni moyo. Shahidi aliyetia sahihi ni mimi.

Mwaka uliofuata shefu akanipa zamu, na fulana zilezile. Asubuhi ile ya nyuzi saba naingia kibandani kuvaa, Kazadi yuko kwenye benchi. Niamini. Alikuwa anavaa fulana juu ya fulana, ya sita, ya saba, zote zinachuruzika maji, na sakafu chini yake kavu.

“Yaya, hii manguo hailete moto,” akasema bila kunitazama; yaya kwetu ni kaka mkubwa. “Banasema moyo yangu ndiyo ilisimama. Ni wewe uliandika?”

Ungejibu nini, mbele ya mtu uliyebeba jeneza lake?

“Niliweka sahihi tu.”

“Tu,” akarudia. “Basi nisaidie kuvaa ingine.”

Akanishika kifundo cha mkono. Akili iliponirudia, benchi lilikuwa tupu.

Sikushuka majini. Nilipanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, hadi mtaa wa Dilala, kwa mjane wake, nikamweleza yote mlangoni. Hakulia.

“Mi nilijua moyo yake ilikuwa muzima, baba. Mwaka muzima munanisalimia ku kanisa, munanyamaza.”

Akafunga mlango. Alikuwa na haki.

Niliandika ripoti ya pili, ya kweli, nikafukuzwa. Hilo halinisumbui. Lakini kifundo hiki cha kulia nimekipima mara nyingi: ni baridi kuliko cha kushoto kwa nyuzi nne, na daktari haoni kitu. Sufu haikipashi.

Wewe unayewanunulia wengine nguo za kushukia majini, zivae kwanza wewe, ushuke, ukae saa moja. Na wewe unayeletewa karatasi ya kifo cha mwenzako, isome vizuri kabla ya kutia sahihi, kwa sababu maiti mwenyewe naye ataisoma.