Msimu Niliokaa Nyuma ya Mashua

Mume wangu alipobaki bila mwenzake wa kuvua, zikiwa zimesalia wiki mbili msimu uanze, aliniomba nimshikie nafasi mara moja tu. Mwenzake huyo, Mtanzania ambaye walikuwa wakiendesha mabasi ya kaunti pamoja, alikuwa amepata kazi Texas na kuhama na familia yake yote. Chama chao cha uvuvi kina sheria kwamba kila mashua iwe na watu wawili, na timu isiyofika kwenye shindano la kwanza inafutwa.

“Mara moja tu, mama watoto,” aliniambia. “Wewe ukae tu pale nyuma. Hata usipovua ni sawa.”

Nilikaa pale nyuma kuanzia Machi hadi Oktoba.

Samaki wanaoshindaniwa ni bass, yule mwenye mdomo mpana ambaye watu wa Naivasha wanamjua vizuri. Mume wangu alikulia karibu na ziwa hilo. Baba yake alikuwa bawabu kwenye shamba la maua, na siku ya mapumziko alikuwa akimvua bass kwa mshipi aliouzungusha kwenye kipande cha mti. Huku kwetu Maryland anavuliwa kwenye mto Potomac, na hakuna anayemla. Unatoka alfajiri, unatafuta samaki watano wakubwa, unawaweka hai kwenye tanki la maji ndani ya mashua, na saa tisa alasiri unawarudisha wakapimwe uzito, kisha wanaachiliwa. Ukichelewa kupita muda uliowekwa, hupimiwi. Mwaka uliotangulia, mume wangu na yule Mtanzania walishika nafasi ya tatu. Waliitwa mbele, wakapigiwa makofi, wakapigwa picha. Hiyo picha aliitundika sebuleni karibu na ile ya harusi yetu. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Kwa miaka kumi na mbili alikuwa akiendesha basi huku watu wakiteremka bila kumwangalia usoni.

Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, Silver Spring. Ninawaogesha, ninawageuza kitandani, ninawalisha. Zamu zangu ni za saa kumi na mbili mfululizo, na Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kulala mpaka mgongo uniambie basi. Sasa Jumamosi saa kumi alfajiri niko jikoni nikijaza chupa ya chai, naye yuko nje akikagua taa za trela ya mashua kwenye mvua. Binti yetu alitoka chumbani mara moja, akatutazama tulivyovaa, akasema kwa Kiingereza kwamba sisi ni wazimu, akarudi kulala. Nilimwonea wivu.

Shindano la kwanza lilikuwa la theluji iliyochanganyika na mvua. Barafu iliganda kwenye vipete vya fimbo ya kuvulia hata uzi ukakataa kupita, na kila baada ya kurusha mara mbili tatu ilibidi nichovye fimbo mtoni ili barafu iyeyuke. Vidole viliacha kuwa vyangu. Nilikuwa nimevaa glavu za mpira kama zile za kazini, na juu yake glavu za sufu, na bado. Koti la mvua alilonipa mume wangu lilikuwa lake la zamani, na lilivuja shingoni. Tone linaingia, linashuka polepole kwenye uti wa mgongo, linafika kiunoni, na kabla halijakauka lingine linaanza safari. Tulivua kwa muda wa saa nane tukapata samaki mmoja.

Jambo ambalo wanaume hawakunieleza ni kwamba mwanamke aliyevaa suruali tatu na ovaroli ya mvua, kwenye mashua isiyo na pa kujificha, hana namna ya kujisaidia ila ndoo, na mumewe ageuke atazame upande mwingine pamoja na mashua zote zilizo karibu. Baada ya siku hiyo niliacha kunywa chai asubuhi ya mashindano. Mtu wa Kakamega, niliyelelewa kwa chai, nimeketi na chupa nzima ya chai miguuni, naiangalia tu.

Sikujitoa. Alipata shida kuniomba, na mimi nilipata shida kukataa, na msimu ukaenda hivyo. Lakini nilichoka uchovu ambao hata usingizi haukuuondoa. Jumatatu nikiwa kazini nilikuwa bado nasikia mvua ikigonga kofia ya koti masikioni mwangu.

Shindano la Aprili ndilo ninalotaka kulieleza.

Utabiri ulisema mvua kutwa na upepo mkali baada ya adhuhuri. Msimamizi wa mashindano, mzee mwenye ndevu ndefu nyeupe, alisimama gatini na kipaza sauti akatuambia tuwe waangalifu, tusijifanye mashujaa, halafu akatuachilia. Tulivuka mto hadi upande wa Virginia, tukaingia kwenye kijito kipana chenye nyumba chache ukingoni na nyasi nyingi chini ya maji. Mume wangu alisimama mbele kwenye mota ndogo ya umeme. Mimi nilikuwa mahali pangu.

Siku hiyo samaki walikuwepo. Wa kwanza nilimpata mimi, na alikuwa mkubwa kuliko samaki yeyote niliyewahi kumvuta. Mume wangu alikuja na wavu mbio, akateleza, akampata. Alimwinua kwa mdomo, maji yakimchuruzika mkononi, akacheka hadi nikamwona yule kijana niliyemfahamu Nakuru kabla hatujafikiria kuja Amerika.

“Unaona?” alisema. “Unaona sasa?”

Kufikia saa sita tulikuwa na watano. Tungerudi wakati huo, tungefika salama na labda tungeitwa mbele. Lakini alitaka kubadilisha yule mdogo kuliko wote apate mkubwa zaidi, na hata mimi sikumkataza. Nilikuwa nimeanza kuhesabu uzito kichwani kama wao.

Upepo ulikuja ghafla kutoka upande wa mto. Wimbi lilipanda juu ya sehemu ya mbele ya mashua likammwagikia mume wangu kifuani, maji yakaingia ndani ya koti lake lililokuwa wazi shingoni. Alitukana kidogo, akaendelea kuvua. Baadaye nyasi zilijisokota kwenye mota ya mbele, akalala kifudifudi na kuziondoa kwa mikono mitupu, mikono ikiwa ndani ya maji hadi mabegani. Nilimwona akitetemeka. Nilimwambia abadilishe nguo, akasema zile kavu ziko garini, atabadilisha akifika.

Kitu kilichonishtua ni kwamba aliacha kutetemeka; mtu aliyelowa kwenye baridi akiacha kutetemeka, mwili wake umeanza kushindwa.

Ilikuwa kama saa saba na nusu. Alikuwa akijaribu kufunga ndoano mpya kwenye uzi. Alijaribu mara nne. Kisha aliangusha sanduku la ndoano, zikatawanyika miguuni pake, naye akazitazama akitabasamu kana kwamba si zake.

“Baba watoto,” nikamwita. “Uko sawa?”

Alinijibu kwa Kikuyu. Mimi ni Mluhya. Tumeishi miaka yote hii kwa Kiswahili na Kiingereza, na hajawahi kunijibu kwa Kikuyu hata akiwa na hasira.

Nilikwenda mbele nikitambaa kwa sababu mashua ilikuwa ikiruka. Nikamshika mkono wa kulia. Ulikuwa umepauka vidoleni, baridi kama wa maiti, na nimeshika maiti, kwa hiyo najua ninachosema.

“Gusanisha kidole gumba na hiki kidogo,” nikamwambia, kwa maana mtu aliyezidiwa na baridi hawezi.

“Niache,” alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito kama wa mlevi.

“Gusanisha nione.”

Alijaribu. Havikukutana.

“Tunatoka,” nikasema.

“Kwenda wapi? Saa bado.”

“Keti chini.”

“Tuna watano,” alisema. “Sisi tuna watano.”

Nilimshika mabega nikamketisha kama ninavyowaketisha wazee wangu, bila kumwomba ruhusa tena. Nilimvua koti na sweta iliyolowa, nikampa koti langu, lile linalovuja, nikamfunika na turubai ya mashua. Alinisukuma mara moja bila nguvu. Kisha nikaketi kwenye usukani.

Nilikuwa nimeendesha ile mashua mara moja tu, siku ya jua, kwa dakika kumi, yeye akiwa amesimama nyuma yangu akinielekeza. Mbele yetu, mdomoni mwa kijito, niliuona mto wenyewe ukiwa mweupe kwa mawimbi. Gati letu lilikuwa ng'ambo ya pili. Sikufikiri sana. Nilijua siwezi kuvuka, basi nikageuza kuelekea kwenye nyumba ya karibu iliyokuwa na gati lake la mbao. Niliigonga mashua kwenye nguzo mara mbili kabla sijaweza kuifunga kamba.

Aliyefungua mlango alikuwa bibi mzungu, pengine wa miaka themanini, na mbwa mzee aliyeona uvivu wa kubweka. Nilikuwa nimemshikilia mume wangu kiunoni, kifua chake wazi chini ya koti, sote tukichuruzika kwenye kibaraza chake. Nilianza kujieleza. Nilikuwa na maneno mengi ya kujieleza, maana mtu mweusi kama mimi akibisha mlango wa mtu asiyemjua huku Amerika, hujitayarisha.

“Mlete kwenye jiko,” bibi alisema. “Mengine utaniambia baadaye.”

Alileta blanketi na taulo. Nilimvua mume wangu kila kitu kilicholowa, pale jikoni, bibi akigeukia ukuta, na tukamvisha suruali ya sufu na sweta ya marehemu mume wa bibi. Nilipiga simu ya dharura. Tukisubiri, bibi alichemsha maziwa akatia sukari, nami nikamnywesha kwa kijiko alipoanza kunielewa ninachomwambia. Kisha akaanza kutetemeka tena, vibaya, meno yakigongana, na hapo ndipo nilipoketi sakafuni. Kutetemeka ndiko nilikokuwa nikikuombea.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika walimpima, wakasema inafaa aende hospitali akaangaliwe kwa saa chache. Walipokuwa wakimfunga kwenye machela alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu saa saba na nusu.

“Samaki,” alisema.

Saa tisa ilikuwa imepita. Nilikuwa nimempigia mzee wa ndevu kumwambia hatuji, naye aliniambia niwaachilie samaki na nisijali kuhusu mashua, wataifuata kesho. Wahudumu wakimwingiza garini, nilishuka gatini peke yangu. Mvua ilikuwa palepale. Niliwatoa mmoja mmoja kwenye tanki. Yule wangu nilimshika kwa mikono miwili chini ya maji mpaka akajitikisa akaenda.

Alitoka hospitali jioni ile ile, na kwa siku nne hakuniongelesha ila ya lazima. Nilidhani ni kwa sababu ya samaki. Jumatano, nikiwa naosha vyombo, alikuja akachukua kitambaa akaanza kukausha sahani.

“Ulinivua nguo mbele ya mtu,” alisema.

“Ningefanyaje?”

“Najua. Nasema tu.” Alikausha sahani moja muda mrefu. “Nilikuwa nasema nini kule?”

“Ulikuwa unasema Kikuyu.”

“Nikisema nini?”

“Sikuelewa. Neno nililolishika ni ‘baba’ peke yake.”

Aliiweka sahani kabatini. Kisha akachukua nyingine.

Jumapili hiyo, baada ya ibada, aliipiga pasi mwenyewe ile suruali ya sufu, kwa maji na kitambaa, akahakikisha mikunjo iko sawa. Tuliendesha gari hadi Virginia kuirudisha, pamoja na sweta na pakiti mbili za majani ya chai kutoka duka la Waafrika la Silver Spring. Bibi alitukaribisha jikoni. Alimuuliza mume wangu kama alikuwa amepata samaki wowote siku ile. Mume wangu alimweleza juu ya yule mkubwa, urefu wake, mahali alipokuwa amejificha, na akasema wazi kwamba aliyempata ni mke wake. Mimi nilikunywa chai yangu.

Nilimwekea mume wangu masharti ya kuendelea na msimu. Nguo kavu za watu wawili kwenye mfuko usiopitisha maji. Makoti mapya ya mvua. Na nikisema tunatoka, tunatoka, hata kama kuna samaki wa dhahabu chini ya mashua. Alikubali yote bila kubishana.

Mashindano yaliyobaki tulikwenda. La Juni lilikuwa la joto ambalo lilinitoa malengelenge kwenye masikio, na radi ikatufukuza mtoni saa tano. La Septemba lilikuwa la mvua ya manyunyu isiyokata. La Oktoba, la mwisho, lilikuwa na upepo na mvua ya ubavu tangu alfajiri, na mpaka saa saba tulikuwa na samaki wawili wadogo. Mume wangu aligeuka kutoka mbele akanitazama, jambo ambalo hakuwa akilifanya zamani.

“Unaonaje?” aliuliza.

Niliutazama mto. Nilitazama mikono yake, namna alivyoshika fimbo.

“Nusu saa,” nikasema. “Kisha twende.”

Tulikaa nusu saa, hatukupata kitu, tukarudi. Chini ya hema la kupimia kulikuwa na watu wachache, wote wamejikunyata. Mzee wa ndevu alisoma uzito wetu kwenye kipaza sauti, na ulikuwa mdogo hata akausoma haraka. Mtu mmoja alipiga makofi, au labda alikuwa akipasha mikono joto. Tuliivuta mashua kwenye trela, tukaifunga, na mume wangu akawasha hita ya gari mpaka mwisho. Tukipita barabara ya Upper Marlboro alianza kusema kitu kuhusu msimu ujao, akaniangalia, akaacha. Vioo vya gari vilikuwa vimejaa ukungu, na kwa maili kadhaa kazi yetu ilikuwa kuvifuta tu, yeye upande wake, mimi upande wangu.