Vidonge vya Manjano na Maziwa ya Mzee

Wakati ule, mtu aliyeniambia pole nilitamani kumrushia sufuria. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nikifundisha shule ya msingi huku Ekerenyo, ndoa yangu bado changa, na nilikuwa nimetoka kupoteza mimba ya kwanza. Wanawake wa kanisa walikuja wakaimba, wakanywa chai, wakaniambia nitapata mwingine, kana kwamba nimepoteza kijiko. Mume wangu alikuwa karani mjini Kisii na alirudi Jumamosi kwa Jumamosi. Siku nyingine zote nilibaki na nyumba yangu mpya ya mabati, kimya mpaka nikaanza kuuchukia mlio wa saa.

Baba mkwe wangu ndiye mtu pekee ambaye hakuniambia neno. Asingeweza. Kwetu Gusii baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hampi mkono, wala mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kidogo: mimba, tumbo, choo, yote hayo ni mwiko. Adabu hiyo tunaiita chinsoni, na mzee wangu aliishika kuliko alivyoishika fimbo yake. Akiniona njiani alisogea kando, akatupa salamu kutoka mbali, akaendelea na safari.

Asubuhi moja nilimsikia akikohoa nje ya ua. Kikohozi hicho ndicho kilikuwa hodi yake. Nilipotoka alikuwa ameshaondoka, na kwenye nyasi palikuwa na kikapu. Ndani yake alilala mtoto wa mbwa, mwekundu kama udongo wa barabara yetu, tumbo wazi juu, amesinzia bila wasiwasi wowote wa dunia.

Baadaye mama mkwe alikuja na ujumbe. "Mzee anasema huyo ni wa kufukuza kima shambani."

Nilimtazama huyo mlinzi wa mahindi. Alijaa kwenye kiganja, na kuku alipopita karibu alijikojolea. Nikacheka. Nilishtuka kusikia sauti yangu mwenyewe ikicheka, nikaingia ndani nikalia, kisha nikatoka kumtafutia gunia la kulalia. Jina sikumpa. Niliogopa kukipa jina kitu kingine ambacho huenda kisikae.

Haukupita muda, jogoo wa mama mkwe akamdonoa chini ya jicho. Mwanzoni kilikuwa kidonda kidogo, halafu uso ukavimba upande mmoja, usaha ukaanza kutoka. Nilimfunga kwenye kanga nikampeleka joshoni, siku ambayo daktari wa ng'ombe alikuja kutazama mifugo ikiogeshwa. Wanaume waliokuwa pale na ng'ombe wao walinicheka. Mwalimu mzima amebeba mbwa mgongoni! Niliwaambia wacheke polepole wasije wakang'oka meno.

Daktari hakucheka. Alimpima, akanipa vidonge vya manjano ndani ya karatasi iliyokunjwa.

"Dawa hii itamchafua tumbo," aliniambia. "Usishtuke. Kiponde kidonge, umpe pamoja na chakula, asimeze tumbo likiwa tupu. Uji mwepesi wa wimbi unatosha. Lakini maziwa usimpe kabisa, hata tone. Yanaishika dawa isifanye kazi, na yatazidi kulivuruga hilo tumbo. Na vidonge uvimalize vyote. Ukikatiza katikati, ule usaha utarudi na hasira."

Nilifuata kila neno. Nilikiponda kidonge kati ya vijiko viwili, nikakificha ndani ya tonge dogo la ugali wa wimbi. Akilitema tonge nililiokota, nikalikanda tena, nikambembeleza. Asubuhi nilimpa kabla ya kwenda shule, jioni nikirudi nikampa tena. Uvimbe ukaanza kushuka, ila polepole mno.

Tumbo ndilo lililonishinda. Daktari alisema litachafuka, lakini hakusema litageuka mfereji. Kila nikitoka shule nilikuta gunia limelowa, na yeye mwenyewe amejikunyata pembeni kwa aibu, nyuma yote imegandamana. Nilifua gunia, nikamwosha kwa maji ya vuguvugu, nikampa maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari kidogo, kijiko kwa kijiko. Siku za Jumamosi na Jumapili, nikiwa nyumbani kutwa, tumbo lilitulia kidogo. Jumatatu likafunguka upya. Hilo nililiona, lakini sikulielewa. Nilidhani ananililia nikiwa shuleni na kilio kinamwingia tumboni.

Nilirudi kwa daktari. Alivuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilirudi mahali pake taratibu, kama mtu mvivu anayeamshwa.

"Anakauka," alisema. "Unampa maziwa?"

"Simpi."

"Kuna mtu mwingine anayempa?"

"Niko peke yangu," nilimjibu. Aliangalia kando, akaniambia niendelee na dawa.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekata shauri kutoendelea. Kwa macho yangu, dawa ndiyo iliyokuwa ikimmaliza. Mifupa ya mgongo ilianza kuhesabika, na akinitazama alitikisa ncha ya mkia tu, mkia wenyewe ulikuwa mzito kwake. Nilijua atakufa. Nilijua pia kwamba akifa sitakuwa na nguvu ya kusikia wale wanawake wakiniambia nitapata mwingine. Niliviweka vidonge vilivyobaki kwenye mfuko wa gauni, niende navyo shule kesho yake, nivitupe chooni huko mahali ambapo hakuna atakayeniuliza.

Kesho yake mvua ya mawe ilituharibia masomo. Huku kwetu mawe yakianguka juu ya mabati, mwalimu anaweza kuimba au kutukana, hakuna anayemsikia. Ilipokatika tuliwaruhusu watoto waende nyumbani, nami nikaondoka mapema, vidonge vikiwa bado mfukoni. Nilikuwa nimefika mlango wa choo cha walimu na nikageuka, sijui kwa nini. Labda ni ubishi tu. Mimi ni mbishi hata kwa nafsi yangu.

Nilipokaribia nyumbani nilisikia mtu akiongea nyuma ya nyumba.

"Kunywa, mama. Kunywa kidogo. Wanakunyima, eh? Uji kila siku, kwani wewe ni mfungwa?"

Baba mkwe wangu alikuwa amechutama kwenye nyasi zenye mawe ya barafu, koti limelowa, ameshika kibuyu. Mbele yake palikuwa na kigae cha chungu kilichojaa maziwa mabichi, povu bado juu, na mbwa wangu alikuwa akilamba huku miguu ikimtetemeka. Mzee alimpapasa kichwa kwa kidole kimoja. Sijawahi kumwona mtu mzima akigusa kitu kwa upole namna ile.

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kupiga kelele. Kisha aliinua macho akaniona, akasimama haraka kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari, na hasira yote ikaniishia miguuni. Nilielewa kila kitu. Alikuwa akiona mnyama anakonda, anaona napika uji tu, na ng'ombe wake amezaa. Kila siku ya shule, nikishaondoka, alileta maziwa yake. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba mzee alikuwa ameanza kunywa chai ya rangi akisema maziwa yanamletea kiungulia.

Sasa nifanyeje? Mama mkwe, ambaye angepeleka maneno kati yetu, alikuwa Marani kwa bintiye aliyejifungua. Nami nilihitaji kutamka mbele ya baba mkwe neno ambalo mwanamke halitamki. Tulisimama pale, yeye akitazama mlima, mimi nikitazama viatu vyangu, na kijibwa katikati yetu akiendelea kulamba.

Nilichutama nikakivuta kigae. Nikamwambia mbwa, kwa sauti ya darasani:

"Wewe, mwambie mzee unahara. Mwambie daktari amekataza maziwa mpaka vidonge viishe. Mwambie anakupenda, lakini atakuua."

Nilidhani nimeivunja heshima yote ya boma lile kwa pumzi moja. Maji yalidondoka kutoka kwenye mabati. Halafu mzee akakohoa, na bila kugeuza uso akasema naye:

"Kumbe! Na wewe mbwa, mbona hukuniambia? Unakunywa tu." Kisha akauliza polepole, "Muulize mama yako, utapona?"

"Mwambie utapona," nilisema. Sikuwa na hakika yoyote, lakini nilitoa vidonge mfukoni.

Kuanzia hapo kibuyu kilikuja na maji ya kuchemshwa badala ya maziwa. Siku nyingine alileta unga wa wimbi aliousaga mwenyewe kwenye jiwe, laini kama wa mtoto mchanga, akauacha ukingoni mwa ua. Nilipokuwa shuleni yeye ndiye aliyelinda gunia. Tumbo likaanza kufunga. Jioni moja nilirudi nikamkuta mzee amesimama mbali na kitu kwenye nyasi, mikono nyuma, anakitazama kama mtu anayetazama ndama mpya.

"Leo umefanya kazi nzuri," alimwambia mbwa.

Nilikwenda nikatazama pia. Ilikuwa kazi nzuri kweli, ngumu na ya umbo lake. Tulisimama pale, kila mmoja upande wake, tukifurahia mavi ya mbwa, na hakuna aliyeona haya.

Mbwa alipona. Meno yake ya utu uzima yaliota yakiwa ya manjano, alama ya vile vidonge, na alipobweka kima walimcheka tu. Jina alikuja kupewa na watoto wangu walipofika. Na mimi na mzee tuliendelea kuzungumza kupitia kwake. Mbwa, mwambie mama yako mahindi yamekauka. Mbwa, mwambie mzee mwanawe amechelewa basi, atakuja kesho.

Mwishoni mwa miaka ya sabini mzee aliugua kifua. Hospitali ilimpa dawa, dawa ikamchafua tumbo, naye akaikataa. Mume wangu alimsihi. Mama mkwe alilia, akafoka, akachoka. Mzee aligeukia ukuta.

Nilimwita mbwa, naye alikuwa ameanza kuzeeka. Tulikwenda tukasimama nje ya dirisha la chumba chake, mahali ambapo asingeniona wala mimi nisingemwona.

"Mwambie mzee dawa humalizwa," nilisema. "Mwambie tumbo litachafuka na litatulia. Mwambie uji wa wimbi upo jikoni, mwepesi, nimeupika mwenyewe. Na maziwa asiguse."

Nilisikia kitanda kikilia, halafu sauti yake, nyembamba sana.

"Mbwa, mwambie mama yako nitameza." Alipumzika, akavuta pumzi. "Na mwambie hukuja kufukuza kima. Sikuwa na njia ya kumpa pole kwa yule mtoto. Nilimlilia hata mimi."

Nilikaa chini kwenye nyasi, nikamkumbatia mbwa shingoni. Kutoka ndani nilisikia maji yakimiminwa kwenye kikombe.