Video ya Kiminini Ambayo Sikuiona

Baba aliitoa sare yangu ya shule kwenye kamba ikiwa bado mbichi, akaikamua kama anayenyonga kuku, akampa mdogo wangu Naliaka. "Hii utaikulia," akamwambia. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni napukuchua mahindi, gunzi mkononi, na hakuna aliyenitazama. Mama alikuwa jikoni akipuliza moto ambao ulishashika kitambo. Nilikuwa darasa la saba. Sijaingia tena darasani mpaka leo, na leo nina wajukuu.

Kosa langu ni kwamba nilionekana kwenye sinema. Sinema yenyewe sikuiona.

Enzi zetu pale Kiminini, nyinyi wa rika langu mnajua, hakukuwa na cha kumkalisha mtoto ndani. Ukitoka shule unatupa mfuko, unakimbilia kati, ule mchezo wa kurushiana mpira, na mpira ni makaratasi tuliyoyafunga kwa kamba ya katani, ukikupata mgongoni unasikia mpaka kifuani. Wavulana walikuwa na bano yao, zile gololi, pale vumbini. Tulicheza kalongolongo nyuma ya ghala, huyu baba, huyu mama, ugali ni udongo na mboga ni majani ya maboga. Ijumaa kila mtoto alibeba samadi ya kukandika sakafu ya darasa, na Jumatatu tulikaa juu ya samadi hiyo hiyo tukisoma habari za usafi. Siku hizi mtoto akiona ng'ombe anataka kunawa.

Wakati wa kuvuna ndio naukumbuka zaidi. Mabua makavu, moshi, vumbi la mahindi linalowasha shingoni. Jioni ni ugali wa wimbi na mboga ya murere inayoteleza hadi unacheka. Baba alikuwa na msemo wake: "Anayeongea na chakula mdomoni ananiongezea kazi." Hatukujua maana yake. Tulitafuna tu.

Na Jumapili kulikuwa na video.

Ilikuwa nyumba ya mabati karibu na mashine ya kusaga, madirisha yamezibwa kwa magunia, televisheni moja ikiwashwa kwa betri ya gari. Watu walitoka kanisani wakapitia huko na Biblia kwapani. Lakini hawakufuata picha. Walimfuata Sikuku. Huyu alikuwa kijana wa pale pale kwetu aliyekaa Kitale kidogo akarudi na miwani nyeusi na sauti ya kuuza ng'ombe. Yeye ndiye aliyesimama kando ya televisheni na fimbo, akitufasiria. Nasema kufasiri, lakini Kizungu chake hakikuzidi chetu. Aliangalia midomo ya wazungu ikicheza, halafu akaweka maneno yake ndani. Jambazi akawa askari fulani wa soko. Punda mzee akawa baiskeli ya Mwalimu Simiyu, mkuu wa shule yetu, na watu wakapiga mabenchi kwa kicheko. Kutajwa na Sikuku kwenye video ilikuwa sifa. Mtu alitajwa Jumapili, akatembea wiki nzima kifua mbele.

Wasichana hatukuruhusiwa kuingia. Tulisimuliwa na kaka zetu tukiosha sufuria.

Sasa Wafula. Wafula alikuwa darasa la nane, mrefu kuliko suruali yake, masikio yamesimama kama ya mtu anayesikiliza habari mbaya. Siku za kusaga, nilibeba debe la mahindi kichwani mpaka kwenye mashine, na yeye alibeba la kwao. Pale kwenye mteremko alichukua langu pia bila kuniuliza, moja kichwani, moja begani, akanitangulia. Siku moja kwenye foleni niliona amekunja uso kama mtu anayetaka kupiga chafya. Akameza mate. Akasema, "Nekesa."

"Ee?"

"Mahindi yenu imekauka?"

"Imekauka."

"Sawa."

Hayo ndiyo yote. Nawaapia. Mapenzi yetu, kama yalikuwa mapenzi, yalikuwa habari ya mahindi. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu hadi mama akaniuliza kama nimelewa.

Jumapili ile Sikuku aliweka sinema ya vijana wa kizungu, mvulana na msichana wa umri wetu, wenye haya, wasiojua waweke wapi mikono yao. Mvulana alikuwa mrefu na suruali fupi. Wafula mwenyewe alikuwa ameketi benchi la nyuma. Sikuku alimwona, akaona mvulana wa kwenye televisheni, na ulimi wake ukamwasha.

"Huyu si ni Wafula, bana! Tazameni hiyo miguu! Na yule anayemngojea pale ni nani? Ni Nekesa, na debe lake!"

Jumba likalipuka. Mvua ikaanza kunyesha kwenye sinema, wale watoto wakakimbilia stoo ya nyasi. Sikuku akateremsha sauti kama anayetoa siri. "Wameingia. Nyuma ya mashine yetu ya kusaga, hapo hapo mnapopajua. Mimi nikisema mtasema naongeza." Halafu akaongeza. Akasema mengi, na yote aliyasema kwa majina yetu.

Wafula akasimama atoke. Akajikwaa kwenye benchi, akaanguka juu ya mzee mmoja, jumba lote likageuka. "Ameona haya!" wakapiga kelele. "Ni kweli!"

Shangazi yangu Rael, senge kama tunavyosema kwetu, alikuwa amekuja kutoka Sirisia kutusaidia kuvuna. Mtoto wake alikuwa ndani ya jumba lile. Alitoka akimsimulia mwenzake, mwenzake akamsimulia dada yake kisimani, na senge alikuwa kisimani. Mnaona ilivyokwenda. Sinema ikaachwa njiani, majina yakafika nyumbani. Senge alimwambia baba, "Msichana ameharibika huyu. Kiminini nzima wanasema ameonekana stoo na mvulana."

"Nani amemwona?" mama aliuliza. Namshukuru kwa hilo swali.

"Watu wote wamemwona!" senge akajibu. Na kweli, kwa namna ile, walikuwa wameniona.

Nililia nikasema ni video. Baba akaniuliza, "Ulikuwa video?" Nikasema hapana. "Sasa umejuaje ni video?" Mpaka leo naamka na majibu mazuri.

Asubuhi yake Mwalimu Simiyu, mtu aliyewekewa baiskeli yake kwenye video na akajua vizuri Sikuku ni mtu wa namna gani, alinisimamisha mbele ya gwaride. Akasema shule yake haitafuga mfano mbaya. Nilirudi nyumbani nikafua sare yangu, kwa sababu nilidhani baba atakwenda kuniombea. Ndipo akaitoa kwenye kamba. Senge aliporudi kwake alinibeba pamoja na mahindi. Kabla ya mvua za kupanda nilikuwa nimeozwa huko Sirisia kwa mwanamume mwenye duka la vitunguu, aliyeambiwa kwamba mimi si mpya na nishikwe kwa nguvu. Alinishika. Sikio langu la kushoto nililiacha Sirisia, halisikii tena. Nilitoroka nikiwa na binti mgongoni, nikaja Kitale, nikaanza kuuza maparachichi sokoni, na hapo ndipo nilipo.

Wafula nilikutana naye mara moja, hapo hapo sokoni, tukiwa watu wazima. Naye aliacha shule, hakuweza kustahimili kelele. Alikwenda Endebess kukamua ng'ombe wa watu na bado alikuwa akiwakamua. Nywele zimeingia mvi, masikio yale yale. Tulisimama tukatazama maparachichi.

"Nekesa, mimi niliiona ile sinema," akasema. "Wale watoto hawakufanya kitu. Walikuwa wanajikinga mvua. Yule kijana alitaka kumwambia yule msichana neno, akashindwa mpaka mwisho."

"Neno gani?"

Akakunja uso. Akameza mate. "Mahindi yenu imekauka?" akasema, na tukacheka hadi nikafuta macho kwa leso. Halafu akanunua maparachichi akaenda zake. Alikuwa na mke, mimi nilikuwa na sikio moja. Sikumwona tena.

Mjukuu wangu wa hapa Kitale yuko sekondari. Juzi alinionyesha simu, amejipiga picha akicheza na mvulana, wote wamevaa sare, na dunia nzima inatazama. Nilishika kifua. Nikamwambia, "Toa hiyo sasa hivi, baba yako ataona!"

"Ameshaona, kukhu. Amecheka," akasema. "Si ni video tu."

Ni video tu. Ningempata mtu mmoja wa kumwambia baba yangu maneno hayo.

Baba alikufa hajaniuliza tena. Siku ya mazishi nilifika Kiminini, na aliyeshika spika, mwenye kuita watu na kupanga hotuba, alikuwa nani? Sikuku. Amenenepa, ana suti, ndiye anayeongoza sherehe zote za pande zile. Aliponiona akatabasamu akatangaza, "Binti wa marehemu kutoka Kitale, Nekesa wetu! Huyu zamani nilimcheza kwenye video, bana!" Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha matanga. Mama akainamisha kichwa.

Jioni nilikaa naye kitandani kwake. Akanishika mkono. "Mwanangu, mimi nilishakusamehe."

"Kunisamehe nini, mama?"

"Yale ya stoo."

Nilimweleza yote, kuanzia betri ya gari mpaka mvua. Akanipapasa mkono kama mtu anayembembeleza mtoto mwongo. "Nimesema nimesamehe. Wacha."

Ndiyo maana nayaandika haya, na majina nimeyataja makusudi. Senge Rael amezikwa. Mwalimu Simiyu amezikwa. Baba amezikwa. Sikuku, wewe uko hai. Mama naye yuko hai, nyumba ya pili ukipita mashine ya kusaga, na macho yamekwisha lakini masikio anayo mawili. Sitaki pole yako, na usiniletee mzee wa kanisa kunisemea. Spika unayo. Sauti unayo. Nenda usimame mlangoni kwake mchana, majirani wakisikia, useme kwamba Nekesa hakuingia stoo na mtu, kwamba ulitunga kwa mdomo wako ili watu wacheke. Kiminini nzima uliijaza kwa Jumapili moja. Huyu ni mwanamke mmoja mzee.

Utakwenda lini?