Bastola Nyepesi ya Shangazi

Shangazi yangu alitaka bastola iliyo nyepesi kuliko kilo ya tende, na isionekane ndani ya abaya. Alinambia hayo asubuhi ya Ijumaa, mjini kwetu Ibra, mimi nimefika juzi tu kutoka Sur na tayari miguu inaniwasha kuondoka tena. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na pikapu na sikuwa na mke, kwa hiyo kila aliyetaka kwenda mahali alinianza mimi.

"Shikamoo, shangazi. Bastola ya nini tena?"

"Marahaba. Ya harusi."

Binti yake alikuwa anaolewa na kijana wa Aija, ng'ambo ya khori, ule mkono wa bahari wa Sur. Kwetu, bwana harusi akija kumchukua mke, watu wake hupiga bunduki hewani mbele ya mlango, na nyumba ya bibi harusi hujibu. Nyumba isiyojibu husemwa miaka. Mume wa shangazi, aliyekuwa na duka Kigoma kabla hawajarudi Omani, alikwisha kufariki, na mtoto wa kiume hawakujaaliwa. Nikasema nitajibu mimi. Akanitazama.

"Wewe? Siku ya harusi utakuwa Salala."

Nikachukua funguo za pikapu.

Bunduki ndefu ya marehemu mumewe shangazi alikuwa ameijaribu nyuma ya nyumba, ikamkalisha juu ya banda la kuku. Tena alitaka kupigia darini, juu ya paa, katikati ya wanawake, mtu asijue mkono wa nani. Ndiyo sababu ya kuificha. Kibali alikuwa nacho. Afisa wa polisi alicheka mpaka akafuta macho, ndipo akagonga muhuri.

Tulifika Nizwa mnada wa mbuzi unakwisha. Muuza silaha alikuwa mzee mwenye ndevu za hina, aliyewahi kuuza vitambaa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akainua bastola yenye mpini wa fedha.

"Hii ya kifalme, bibi."

"Basi aibebe mfalme. Mie mkono una baridi yabisi."

Ya pili ilikuwa ndogo, mpini wa lulumizi, inang'aa kama kijaluba cha uturi. Mimi niliipenda. Shangazi akatugeuzia mgongo, akaitia ndani ya kibwebwe alichojifunga kwa kanga chini ya abaya, akasimama wima, kisha akarukuu palepale sokoni kama mtu aliye katika sala. Bastola ikamwangukia mzee kwenye kidole gumba cha mguu.

"Subhanallah!" akasema mtu mmoja aliyeshika mbuzi. "Kibla si huko, mama!"

"Siswali, najaribu," akajibu shangazi. "Nikiinama kuwaamkia wakwe idondoke? Toa nyingine."

Ya tatu ilikuwa nyeusi, kuukuu, mtutu mfupi, mpini wa mbao, tumbo lake la duara linachukua risasi tano. Uzito wake kama upawa. Mzee akahakikisha ni tupu, akampa.

"Ila nikwambie kweli, bibi. Iliyo nyepesi mkononi huwa nzito ikisema. Itakuruka. Ishike kwa mikono miwili, kama unasonga ugali."

"Ugali nimeusonga Kigoma miaka thelathini."

Akavuta kifyatuo mara mbili bila kukunja uso. Akarukuu. Ikatulia. Akarukuu tena, akaruka kidogo. Ikatulia. Tukaichukua, pamoja na risasi zisizo na kichwa, za mlio tu.

Siku ya harusi nilikuwepo, ili tu nimsute. Nilisimama ngazini, mgongo kwa wanawake, sikio darini. Watu wa bwana harusi wakapiga mbele ya mlango mpaka njiwa wakahama mtaa. Kisha wakangoja jibu.

"Mungu wangu, fundo!" nikamsikia shangazi. Kwa kuogopa isidondoke, alikuwa amekaza kibwebwe mpaka hakifunguki.

Chini mtu akacheka: "Nyumba imelala?"

"Una nini, mwenzangu?" Sauti hiyo ilikuwa ya mama wa bwana harusi, aliyetangulia kupanda darini na wanawake wake. Yeye hasa ndiye hakupaswa kujua.

Shangazi akaguna: "Bastola imenasa."

"Nyanyua abaya. Baba yangu alikuwa nahodha. Fundo gani litanishinda?"

Alilifungua kwa meno. Mara milio mitano, mmoja baada ya mwingine, na vigelegele vikaifunika Ibra nzima. Wanaume wakainua vichwa, wakaona abaya nyeusi zimejipanga darini.

"Nani aliyejibu?" akauliza ami wa bwana harusi.

"Nyumba!" akamjibu mama mkwe. Kisha akashusha sauti. "Hebu niishike. Loo, nyepesi hivi! Mie nina mabinti wawili, na baba yao mkono unamtetemeka. Umeipata wapi?"

"Nizwa, Ijumaa," akasema shangazi, bado anahema. "Na dereva huyo hapo ngazini, anajifanya hasikii."