Boa wa Mzee wa La Rochelle

Tulipofika Johannesburg kutoka Bukavu, mimi na mume wangu tulipanga chumba katika mtaa wa La Rochelle, nyuma ya nyumba ya mzee Mreno aliyefiwa na mkewe. Sebuleni, ndani ya sanduku la kioo, alifuga boa jike, nyoka wa aina inayotoka misitu ya Amazoni. Alikuwa na rangi ya udongo mwekundu, na miduara myeusi mgongoni. Lakini jua la dirishani likimpiga, ngozi yake ilitoa buluu, kijani na zambarau, kama mafuta ya gari juu ya maji. Hana sumu, mzee alinieleza. Hubana panya mpaka wafe. Kwao ni mvua na joto, kwa hiyo kila asubuhi alimnyunyizia maji, maana hewa yetu ni kavu mno.

Majira ya baridi, alasiri moja umeme ulikatika. Mzee akabisha hodi, amekumbatia foronya iliyofungwa fundo, nyoka akiwa ndani.

"Mama, ninyi mna hita ya gesi," alisema kwa Kiingereza chake cha Kireno. "Ana mimba. Akipoa nitampoteza."

Mume wangu alipanda kitandani na viatu vyake. "Wakisikia kanisani kwamba tumekaribisha nyoka, utawaambia nini?"

"Nitawaambia alikuwa na mimba, na kulikuwa na baridi."

Nikamvutia mzee kiti kando ya hita, nikapika chai. Akatusimulia jinsi mkewe alivyomleta nyumbani nyoka huyo akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, na jinsi alivyokuwa akimwimbia. Mwishowe mume wangu alishuka, akanywa chai, ingawa kiti chake alikiweka mlangoni kabisa.

Baadaye, siku moja asubuhi, mzee alituita. Nilitegemea kuona mayai. Nikakuta vitoto vikijinasua kutoka kwenye utando mwembamba, vingine tayari vinapanda tawi, vinang'aa kuliko mama yao.

"Huyu hatagi," mzee alisema. "Anazaa kama sisi."

Alikuwa analia. Mume wangu akamshika bega.

Mzee alihamia Cape Town kwa binti yake, nyoka wakachukuliwa na mfugaji mwenzake, nasi tukahamia Kensington, mtaa mwingine wa jiji hilohilo. Nikienda upande wa La Rochelle kununua vitambaa, hupita mtaa wetu wa zamani. Chumba chetu sasa ni spaza, duka dogo la mtaani. Majuzi niliingia, nikanunua mkate ambao sikuuhitaji, nikakawia kidogo kuuliza bei za vitu.