Mama Kimeta na Chiriku Wake

Chuoni karibu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mbele yake alikuwa Mwalimu. Akishageuza kisogo tu, alikuwa Mama Kimeta, kwa sababu ndio ugonjwa aliouanzia muhula na ndio aliomalizia. Alifundisha magonjwa ambayo mnyama humpa mtu na mtu humrudishia mnyama. Chumba chake kilikuwa kirefu, na viti vya mbao visivyo na migongo, na mitungi ya kioo yenye maini na mapafu yaliyogeuka rangi ya majivu kwa kukaa kwenye dawa. Dirisha moja lilikuwa halifungiki tangu alipoajiriwa.

Wanafunzi wa udaktari wa mifugo waliingia humo na ndoto zao za kutibu mbwa wa matajiri, naye akizizima siku ya kwanza.

"Mnadhani mmekuja kumwokoa ng'ombe," aliwaambia. "Mmekuja kumwokoa anayemla."

Alikuwa na maneno, yule mama. Kichaa cha mbwa, alisema, hakibishi hodi. Maziwa mabichi ni matamu mpaka homa ikurudie kila jioni kama mdai. Lakini akifika kwenye kimeta, mzaha uliisha. Ng'ombe amekufa ghafla, damu nyeusi inamtoka puani na nyuma, na haigandi: msimpasue. Mkimpasua mmefungua gunia la vijidudu ambavyo vitakaa udongoni mpaka wajukuu zenu waote mvi. Na kama mjinga mwingine ameshampasua, tazameni bandama. Mkiikuta imevimba, nyeusi, laini kama lami juani, msiulize mtu. Kataeni ile nyama, fungeni mlango, iteni wakubwa.

Katika wote waliowahi kukalia viti vile, hakuna aliyeyashika maneno hayo kama mtoto wa kaka yake. Kijana huyo alifiwa na mama akiwa bado hajajua kufunga vifungo vya shati, na kaka mtu, aliyekuwa dereva wa magari ya mbali, akamleta kwa dada yake akae "mpaka mambo yatengemae." Hayakutengemaa. Mtoto akakulia pale, akilala sebuleni kwenye godoro lililosimamishwa ukutani mchana. Alipenda kusema hata akila, ndiyo maana shangazi yake akamwita Chiriku. Jioni, Mama Kimeta akipitia masomo ya kesho kwa sauti, Chiriku alikuwa kando akiosha vyombo na kuyarudia. Kabla hajabalehe alikwisha kujua bandama inakaa wapi.

Alipoingia chuoni na kukaa darasani kwa shangazi yake, Mama Kimeta aliomba mwalimu mwenzake asahihishe karatasi yake, watu wasije wakasema mkono umejikuna wenyewe. Mwenzake alirudi akicheka. Alisema hakuwa na cha kusahihisha. Kijana kaandika kama aliyemeza mitungi yote ya maabara. Siku ile shangazi mtu alitembea kichwa juu. Hakuwa na mtoto wake wa kumzaa, na hakuwahi kulisema hilo kwa uchungu, ila siku ile hata hakulikumbuka.

Chiriku akapata kazi ya ukaguzi wa nyama kwenye machinjio ya mji. Kazi yenyewe ni ya alfajiri: kuwaona wanyama wangali hai, kuwakagua wakishachinjwa, kisha kugonga muhuri wa zambarau kwenye nyama iliyo salama. Miezi ya mwanzo alikuja kwa shangazi kila wiki kulalamika. Maji hayatoki. Glovu hakuna. Meneja wa machinjio anataka magari yaondoke mapema, na ukikawia kwenye mzoga mmoja anakusimamia nyuma ya shingo. Shangazi alimwambia avumilie, kazi mpya ni kama kiatu kipya. Kisha malalamiko yakakoma, na Mama Kimeta akaona kijana amekomaa. Akashukuru.

Siku moja daktari wa hospitali ya mji, waliyefahamiana zamani, alimpigia simu amsaidie kutazama mgonjwa. Alimkuta mwanamume wa makamo, amelazwa kitanda cha mwisho kando ya ukuta. Upande wa shingo alikuwa na kidonda cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika, na uvimbe umepanda mpaka jicho limefumba. Mama Kimeta aliuliza kama kinauma. Mke wa mgonjwa akajibu kwa niaba yake kwamba hakiumi, na hilo ndilo lililowadanganya. Zahanati waliambiwa ni jipu, wakarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Mama Kimeta aliuliza mume anafanya kazi gani. Mke akasema ni mchunaji wa ngozi machinjioni, na siku ambazo wabebaji ni wachache hubeba na nyama begani.

Ni machinjio yaleyale ya Chiriku. Alimwita daktari pembeni, akamwambia ni kimeta, na daktari akaanza sindano zinazostahili saa ileile. Zilikuwa zimechelewa. Mchunaji alikata roho kesho yake asubuhi, mke akiwa ametoka kwenda kumtafutia uji. Wodi ya pili walikuwepo mama na mwanawe waliokula nyama ya machinjio hayo, wanaharisha damu, wao walipona.

Kutoka hospitali Mama Kimeta hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba alichopanga Chiriku, nyuma ya duka la vipuri. Alimkuta amekaa kitandani na mabuti yake ya kazi miguuni, hajayavua. Hakusalimiwa, naye hakungoja.

"Ulimkuta hai yule ng'ombe?"

"Nilimkuta ameshachunwa, shangazi. Aliletwa usiku akiwa hoi, wakamwahi na kisu."

"Damu?"

"Haikuganda."

"Bandama?"

Chiriku alitazama mabuti. "Kama ulivyosema. Kama lami."

"Ukafanya nini?"

"Nikagonga muhuri."

Mama Kimeta alitafuta kiti, akakaa. Kijana akaanza kueleza, kwanza taratibu, kisha maneno yakamtoka kama yule chiriku wa zamani. Ng'ombe alikuwa wa mtu mkubwa. Meneja alimwambia nyama imeshaahidiwa, gari liko mlangoni, na yeye bado yuko kwenye kipindi cha majaribio kazini. Asipogonga, atapatikana wa kugonga. Alijiambia huenda si kimeta. Alijiambia nyama ikichemshwa sana haina neno. Kuhusu wachunaji na wabebaji alikiri kwamba hakujiambia chochote. Hakupewa hata kipande cha ini. Hilo alilirudia, kama vile lilikuwa la kumtetea.

Shangazi aliona afadhali angehongwa. Hongo angeielewa, tamaa ina umbo, unaweza kuikamata. Huyu alikuwa ameuza roho ya mtu kwa kuogopa sura ya meneja.

"Kesho utakwenda kuyasema haya mwenyewe," alimwambia, "au nitayasema mimi."

Chiriku hakwenda. Basi akaenda yeye, akayasema ofisi ya mifugo, na kwa kuwa mtu amekufa na mji umeanza kunong'ona, ikabidi iundwe tume.

Kaka yake alifika kabla tume haijakaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, mgongo umepinda kwa usukani. Hakugusa chai. Alisema hakuja kumfundisha kazi, yeye ni dereva tu. Amekuja kuuliza kama ni kweli anataka kumfunga mtoto aliyemlea kwa mikono yake. Aliyekufa amekufa, alisema, na kumzika aliye hai hakumfufui.

"Damu ni nzito kuliko maji, dada."

Mama Kimeta nusura acheke, kicheko kibaya. Kwa siku kadhaa alikuwa hawazi kingine ila damu isiyoganda, nyepesi kuliko maji, inayotiririka sakafuni machinjioni hadi kwenye mfereji.

"Kaka, yule naye alikuwa na watu wa damu yake," alijibu.

Kaka yake aliinuka, akachukua kofia. Mlangoni alisema kwamba alimpa mtoto amlee, hakumpa amchinje.

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri, meza ndefu imetandikwa kitambaa cha kijani, chupa ya maji mbele ya kila mheshimiwa. Mama Kimeta alieleza ugonjwa, kisha akaeleza alichoambiwa na mkaguzi kwa mdomo wake mwenyewe. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu zote. Halafu akamuuliza kama kulikuwa na shahidi mwingine chumbani. Hakuwepo. Mwenyekiti akasema tume inaheshimu machungu ya kifamilia, lakini maneno ya shangazi na mtoto wa kaka yake si ushahidi.

Kisha akaitwa Chiriku. Alivaa shati jeupe, na alizungumza vizuri ajabu. Alieleza kimeta mwanzo mpaka mwisho, dalili moja baada ya nyingine, kwa mpangilio uleule, kwa vituo vilevile, hata kwa ule mkono unaoinuka kidogo likitajwa neno bandama. Mama Kimeta alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kinywani mwa kijana. Na Chiriku alipokwisha kuwafanya wazee wa tume watikise vichwa kwa kuridhika, akaongeza kwamba mtu anayekijua kimeta kiasi hicho asingeweza kukipitisha. Tatizo, alisema, ni kwamba siku ile bandama hakuonyeshwa. Marehemu alikuwa amekwisha kuitupa pamoja na uchafu kabla mkaguzi hajafika, na nyama yenyewe ilikuwa ya kawaida kwa macho. Alisema anasikitika kumsema marehemu.

Hakumtazama shangazi yake hata mara moja.

Kumbe elimu ile yote aliyompa, usiku kwa usiku, kando ya beseni la vyombo, ilikuwa inamjengea kijana ukuta wa kujifichia. Asiyejua asingeweza kudanganya vizuri hivyo. Asiyejua angebabaika na kukamatwa.

Tume ilimaliza kazi upesi. Ilisema mchunaji alikiuka taratibu kwa kuchuna mnyama kabla ya ukaguzi, na kwa kutovaa glovu. Haikuuliza glovu zilikuwa wapi. Meneja alishauriwa kuimarisha usafi. Chiriku alipewa onyo la mdomo.

Nje ya ukumbi, kwenye ngazi, alikaa mjane wa mchunaji, kanga amejifunga kiunoni, mikono juu ya magoti. Hakuitwa ndani, hakuna aliyeona ana la kusema. Mama Kimeta alipokuwa akishuka, mjane alimzuia kwa macho tu.

"Mwalimu, nasikia ni wewe uliyemfundisha yule mkaguzi."

"Ndiyo. Ni mimi."

"Ulimfundisha vizuri?"

"Vizuri sana."

"Haya," mjane akasema, akainuka, akakung'uta vumbi, akaenda zake. Ingekuwa afadhali angemtukana.

Ukoo ulikaa kikao bila yeye. Habari alizipata kwa mke wa binamu yake, aliyezileta huku akijifanya amekuja kuazima pasi: imeamuliwa kwamba amejitoa mwenyewe. Wengine walisema ni wivu wa mwanamke asiyezaa. Hilo lilisemwa na kaka yake, au lilisemwa mbele yake naye akanyamaza; mke wa binamu hakuwa na hakika, na Mama Kimeta hakutaka kujua ni lipi.

Haukupita mwaka, Chiriku akahamishiwa makao makuu. Kule hakuna matope wala harufu, na kazi yake sasa ni kuwasimamia wakaguzi wa machinjio yote. Wanasema ana kipaji cha kueleza mambo.

Mama Kimeta aliendelea kufundisha, angekwenda wapi? Muhula uliofuata, alipofika kwenye kimeta, alimaliza maelezo yake ya kila mwaka, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliwasimulia habari ya mkaguzi mmoja, bila kusema ni nani, aliyeiona bandama akagonga muhuri kwa sababu meneja alimsimamia. Akawauliza wao wangefanya nini. Msichana mmoja wa kiti cha mbele, mwerevu, mpole, asiye na baya lolote, akasema kwamba kwa kweli, Mwalimu, angekataa angepoteza kazi. Hakulisema kwa ubishi. Alilisema kama mtu anayetaja dalili. Na vichwa, kiti baada ya kiti, vikaitikia.

Alisimama pale na chaki mkononi. Alijua namna ya kuwafundisha kuiona bandama. Namna ya kuwafundisha ujasiri wa kumkatalia meneja hakuijua, wala hakujua mtu anaupata wapi. Yeye alikuwa nao tu, kama mtu aliyezaliwa na kidole cha sita, na siku zote alidhani kila mtu anacho. Akawaambia wafungue sura inayofuata.

Kaka yake alipougua figo, aliambiwa na watu baki. Alikwenda hospitali, akamkuta Chiriku kwenye benchi la korido, amenenepa kidogo, viatu vinang'aa. Kijana alisimama haraka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alijibu, maana hiyo hanyimwi hata adui.

Chiriku alimpisha akae, akakaa naye mwisho mwingine wa benchi. Kati yao paliwekwa mfuko wa machungwa aliouleta Mama Kimeta. Wote wawili walijua kusema kuliko watu wengi mle hospitalini, na wote wawili waliyatazama machungwa. Baadaye muuguzi alitoka akauliza jamaa za mgonjwa. Mama Kimeta aliinuka. Muuguzi, kwa aibu, akasema mgonjwa ameomba aingie mwanawe peke yake.

Chiriku alisita, akamtazama shangazi yake kwa mara ya kwanza tangu siku ya mabuti. Kisha akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake. Mama Kimeta alingoja kidogo, huenda angeitwa. Halafu akamwomba muuguzi ampelekee mgonjwa machungwa yale, asiseme yametoka kwa nani, wasije wakayatupa.