Pilipili kwenye Glavu

Ninyi vijana mnaoanza usafi wa hospitali, sikieni. Siku yangu ya kwanza, hospitali ya Kilembe hapa Uganda, nilipewa ndoo, tambara na klorini, ile dawa ya kuua vijidudu. Basi. Kazi niliiona kwa wenzangu, na wakati ule ilitosha.

Kisha nikahamishiwa hospitali ya Bwera, mpakani, Ebola ikiwa upande wa Beni, Kongo, na watu wakivuka mpaka kila siku. Nyumbani mjukuu wangu Masika alizoea kunirukia shingoni. Nikaanza kuogopa mikono yangu mwenyewe.

Mkufunzi alituonyesha picha za kuvaa na kuvua lile vazi la kufunika mwili wote. Tukaitikia, "Ndiyo, ndiyo." Sista mkubwa wa wodi hakuridhika. Kesho yake alituvalisha, akakoroga pilipili na mafuta, akatupaka kwenye glavu na kifuani.

"Hii ndiyo ugonjwa. Sasa vueni. Mimi sisemi kitu."

Mama Okello, msafishaji mwenzangu, mke wa askari wa kambini, akacheka. "Sista, hii ni kazi ama ni mchuzi?"

"Vua, mama."

Akavua mbiombio, akajifuta jasho usoni. "Macho yangu! Maji! Nakufa!"

Sista alimwosha mwenyewe, kisha akatugeukia. "Ilipita wapi? Semeni nyinyi."

Tukabishana mpaka tukaona: glavu chafu ilimgusa shingo, mkono mtupu ukabeba pilipili hadi machoni. Tukarudia. Mimi nikaungua midomo. Tangu hapo kila asubuhi mmoja alivua, mwenzake akamtazama, na akikosea anaambiwa, "Simama!" Uzee haukunisaidia kitu.

Siku mgonjwa wa Ebola mwenyewe alipoletwa, nilisafisha matapishi yake. Nikiwa natoka, jasho likaniingia jichoni, likawasha kama ile pilipili. Mkono ukaanza kupanda.

"Simama, mama! Mkono chini!" Mama Okello huyo.

Nikaushusha. Nikavua kimoja kimoja. Siku za kungojea homa nililala peke yangu, Masika akiniwekea chakula mlangoni na kukimbia kama nilivyomwagiza. Homa haikuja.

Sasa nimestaafu, lakini hofu bado iko kazini. Juzi Masika, mtu mzima sasa, alipata kazi ya usafi kwenye wodi ileile. Akaniambia, "Bibi, nimefundishwa, picha zote nimeona."

Nikaita nyumba nzima.

"Sageni pilipili. Masika, vaa glavu. Ninyi wengine simameni hapa mumtazame, na atakayemwona akikosea akanyamaza, leo hali chakula changu."